Wasia Haukutaja Mguu

Nakumbuka siku moja nilisikia panga kabla sijaona mkono uliolishika. Ilikuwa asubuhi mapema kwetu Kaisho, ukungu umelala juu ya migomba, huoni hata ukuta wa nyumba ya jirani. Nilikuwa nimetoka na ndoo kwenda kisimani. Twa, likasikika. Kisha twa, twa. Mtu anayekata mgomba ili atoe mkungu hukata mara moja, akatulia, akaupokea mkungu begani usije ukaanguka na kuchubuka. Huyu hakutulia. Alikuwa akikata kitu laini, kingi, akienda nacho mstari kama anayefyeka njia.

Niliweka ndoo chini nikaifuata sauti, nikamkuta baba yangu. Sisi tulimwita Tata, kama wanavyowaita baba zao watoto wengi wa kwetu. Alikuwa amesimama mpakani, kati ya kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, na cha Mzee Sezari, miguu imelowa umande, na nyuma yake milamula imelala chini mfululizo.

Mwanangu, kama hukukulia huku, nikueleze. Mlamula ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani. Ng'ombe haugusi, kiangazi hakiuui. Ukiupanda mbele ya mashahidi umesema hapa ndipo mwisho wangu, na kuung'oa ni kama kumtukana jirani mbele ya ukoo wake. Na milamula ile ilikuwa imepandwa na Tata mwenyewe, miaka mingi kabla, siku familia ya Mzee Sezari ilipofika kutoka Rwanda na kupewa ardhi. Aliipanda watu wote wakitazama, ili asije akatokea mtu wa kuwaambia wale hamna mahali.

"Ade," akaniita alipohisi nimesimama, "hebu njoo uone. Nani ameniletea magugu haya kwenye kibanja changu?"

Jina langu ni Adventina. Wakati huo nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, wa mwisho kuzaliwa, na ndimi niliyebaki nyumbani kumpikia baada ya mama kufariki. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya Uganda, tunapanga foleni kununua sabuni na chumvi, na kila mtu kijijini alikuwa amechoka kwa namna yake. Nikadhani na Tata amechoka. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani, kisha nikakimbia kwa kaka yangu Deogratias.

Deo ndiye mtoto mkubwa. Alikuja na jembe, akamwita na Novati, kaka yangu wa pili, wakairudisha milamula ardhini mmoja baada ya mwingine huku wakipiga kelele za kunong'ona, kama unajua kelele za kunong'ona zilivyo.

"Shindilia huo, unalegea!"

"Nashindilia na nini, na pua?"

"Ukungu unaondoka, Novati. Sezari akitoka sasa hivi akatukuta hapa, utamwambia tunacheza?"

Walimaliza. Deo akajifuta mikono, akatutazama mmoja mmoja. "Hili halitoki hapa," alisema. "Akijulikana kwamba anasahau, tumekwisha. Si sisi peke yetu."

Alikuwa na sababu, na sababu yake haikuwa ya kipumbavu. Tata alikuwa shahidi wa wasia. Kwetu zamani mzee alipoona umri umekwenda, aliwaita watu wachache anaowaamini, akawatamkia kwa mdomo nani atamrithi, kibanja kipi ni cha nani, kahawa ipi ya binti, ng'ombe yupi wa mdogo wake. Mashahidi waliyameza maneno yale. Hawakuyasema kwa mke, hawakuyasema kwa mrithi mwenyewe, mpaka mwenye wasia azikwe na matanga yaishe. Baba yangu alikuwa ameyameza maneno ya nyumba nyingi sana. Watu walimpenda kwa hilo. Waliona kichwa chake kama ghala lenye mlinzi asiyelala. Sasa fikiria habari itoke kwamba ghala lile lina panya.

Basi tukaficha. Tuliificha vizuri, kwa upendo, na hapo ndipo majuto yangu yanapoanzia.

Akija mgeni kuuliza habari za mpaka wa zamani, Deo alisema mzee koo linamuuma, atajibu siku nyingine. Tata alipoanza kumwita Novati kwa jina la mdogo wake mwenyewe aliyekufa utotoni, Novati aliitika. Akaitika hivyo mwaka mzima, na wakati mwingine alitania, "Leo mimi marehemu naomba nyama kidogo, Ade, huko nilikotoka hatupikiwi." Tukacheka. Kanisani nilikaa naye karibu, nikamtangulia kidogo kwenye sala ili midomo yake ifuate yangu. Watu waliona binti mwenye kumpenda baba yake, na ni kweli nilimpenda.

Kisha ikaja siku ambayo yeye mwenyewe hakutaka kufichwa.

Ilikuwa mchana, nimetandika nyasi mpya sakafuni, nyumba inanukia kama bonde baada ya mvua. Kaka zangu walikuwa wamekuja kuvuna kahawa. Tata aliketi, macho yake yamerudi, yale macho tuliyoyajua. Mwenye mgonjwa wa aina hii ataelewa ninachosema. Kuna siku mtu hurudi, ukatamani uwaite majirani wote waje wamsalimie.

"Wanangu," alisema, "kuna saa zinanipotea. Najikuta nimesimama mahali, sijui nimefikaje. Nasikia mnanijibu kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Msidhani sioni."

Novati aliokota unyasi mmoja sakafuni akaanza kuuvunjavunja.

"Itafika siku nitapotea moja kwa moja, nami niko hai bado. Nataka niwaambie siku hiyo mnifanye nini."

Deo alishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Tata, waitu, tafadhali, usijitabirie mabaya. Wasia ulishautoa. Mashahidi wapo. Inatosha."

"Wasia ni wa nikishakufa, Deo. Mimi nasema habari za nikiwa hai."

"Wewe?" Novati akacheka, kicheko kikubwa kuliko chumba. "Wewe utatuzika sisi sote, ndipo ukumbuke kuugua."

Tata alinigeukia mimi. Nadhani alitaka nimwombe aendelee. Mwanangu, nilisimama upesi nikaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kwetu kahawa hiyo hupewa mgeni ili mazungumzo yaanze. Siku ile niliileta yaishe. Akachukua punje mbili, akazitafuna polepole, akauliza kama mvua imenyesha Isingiro. Deo akajibu kwa furaha kubwa habari za mvua ya Isingiro. Hatukuyasikia tena yale aliyotaka kutuambia. Alijaribu mara moja, tukamzuia sote watatu, na kumbukumbu yake haikumpa nafasi ya kujaribu tena.

Tuliogopa nini? Tumelelewa kwamba ugonjwa ukitajwa unaitwa. Tena mtoto kumwuliza mzazi nikuuguze vipi ni kama kumwonyesha kaburi. Kwa hiyo tulijua habari zote za baada ya kifo chake zimepangwa kwa makini, na habari za siku zake mwenyewe za kuishi hatukuzijua hata moja.

Mwaka uliofuata alijikata mguu kwa jembe. Hakusema. Sijui kama hakusikia maumivu, au aliyasikia akasahau yametoka wapi. Alikuwa amevaa buti za mpira, akikataa kuzivua, akinipiga mkono nilipojaribu. Nilipofanikiwa kuzivua nilisikia harufu kwanza. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

Tulimpandisha juu ya lori lililokuwa limekuja kuchukua kahawa, tukamlaza kwenye magunia, mpaka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana, mgeni wa sehemu zetu, mwenye sauti ya chini. Aliutazama mguu, akamwamkia Tata shikamoo, Tata akamjibu marahaba na kumwuliza ni mtoto wa nani. Kisha daktari akatutoa nje.

"Poleni sana," alisema. "Nitawaambia ukweli. Sumu inapanda. Tukikata sasa, chini ya goti, huenda akapona kidonda. Tusipokata, tutampa dawa za kupunguza maumivu, tumtunze, lakini atakwenda. Njia zote mbili ni ngumu kwa mzee wa hali yake. Atakapozinduka huenda asielewe kwa nini hana mguu. Mwenyewe, alipokuwa na akili zake, alisemaje? Alitaka nini?"

Deo alimtazama Novati, Novati akanitazama mimi. Nilisikia watoto wakilia wodi ya pili.

"Basi nani anamsemea?" akauliza.

Hapo, mwanangu, ndipo utaona jinsi mila nzuri inavyoweza kuacha shimo katikati yake. Anayemsemea mzee kwetu ni mrithi wake. Na mrithi hajulikani mpaka mzee azikwe. Kaka yangu Deo alikuwa mkubwa, kila mtu alidhani ni yeye, lakini hakuna aliyejua, na kama angesimama akasema mimi ndiye, angekuwa amejitangaza mrithi baba yake angali anapumua. Novati naye alijua hivyo hivyo. Wakatoka uani, wakasimama chini ya kamba za kuanikia mashuka, nami nikawafuata.

"Wakate," Novati alisema. "Mguu mmoja ni mguu. Bora aishi."

"Basi kawaambie wewe."

"Mimi? Wewe ndiye mkubwa."

"Nikisema wakate akafa, nimemuua ili nirithi. Nikisema wasikate akafa, nimemwacha ili nirithi. Wewe unaona ni njia ipi inapita hapo?"

"Na mimi nikisema, utarudi Kaisho ukawaambie Novati ameshaonja kibanja."

"Nani kasema hivyo?"

"Macho yako."

Walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, wanagombana chini ya mashuka yaliyolowa, na baba yetu ndani anaimba wimbo wa kuchungia ng'ombe. Niliwaambia nyamazeni. Deo akanijibu, "Ade, wewe binti, utaolewa uende zako. Hili si lako." Nikanyamaza mimi.

Walichokubaliana ni kuwatafuta mashahidi wa wasia wa Tata, wawaulize kama kuna neno lolote alilosema kuhusu kuugua. Deo akapanda baiskeli akaenda. Mzee wa kwanza alikataa hata kumkaribisha ndani, alipojua amekuja kwa habari ya wasia wa mtu aliye hai. Wa pili alimpa kigoda, akamwonea huruma, akatikisa kichwa. "Sitakwambia lililomo, mwanangu," alimwambia. "Lakini nitakwambia lisilokuwemo. Habari ya mwili wake haimo. Wasia hautaji mguu." Kwenda na kurudi, barabara zile za matope, siku zikapita. Daktari alikuja kila asubuhi akatuuliza kwa macho tu. Weusi ukapanda mpaka kwenye kifundo, ukapita kifundo.

Ndipo akafika Shangazi Paskazia kutoka Nyakakika.

Alikuwa dada mkubwa wa Tata, mfupi, mkali, amevaa kanga mbili na koti la marehemu mume wake. Tulimwamkia, akaitika bila kututazama, akaenda moja kwa moja kitandani kwa mdogo wake. Tata hakumtambua. Alimwita "mama". Shangazi akaketi pembeni, akamfuta midomo, akaitikia, "Ndiyo, mwanangu, nimekuja." Baadaye akatoka uani.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

Deo akaanza, "Shangazi, ni hii homa ya kidonda..."

"Deogratias. Mimi nimemlea huyo tangu hajajua kufunga suruali. Tangu lini?"

Tukamwambia. Milamula, kanisani, jina la marehemu, tukamwambia na ile siku ya nyasi mpya. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Kwa hiyo aliwaita," alisema. "Mtu ameona giza linakuja, akawaita wanawe awaambie pa kumshika, nanyi mkamletea kahawa."

Sikuweza kuinua uso.

"Mnawaza nani atakula ndizi zake akizikwa. Hamjui nani wa kumshikia kikombe akiwa hai. Mlilinda jina lake, sawa. Jina halina mguu, halioni maumivu. Yeye anaona." Akamgeukia Novati. "Na wewe unayepepesa macho, unataka nani aamue, daktari? Daktari atajuaje kama huyu aliogopa kufa kuliko kulemaa, au kulemaa kuliko kufa? Hata mimi sijui. Dada yake sijui! Hilo lilikuwa lake kusema, na alitaka kulisema."

Akavuta pumzi. "Sasa nitasema mimi, kwa sababu lazima mtu aseme, na wazee wenu wakinilaumu waje Nyakakika, nina fimbo. Kateni. Huenda nakosea. Nitakosea na Mungu ataniuliza mimi."

Wakamkata, lakini sasa ilikuwa juu ya goti.

Ningependa kukwambia kwamba alikufa pale pale, au kwamba alipona akatushukuru. Haikuwa hivyo. Kidonda kilipona. Tata aliishi mpaka kahawa ya msimu mwingine ikaiva. Na kila asubuhi, mwanangu, aliamka, akapeleka mkono chini ya blanketi, akatafuta mguu wake. "Ade, mguu wangu uko wapi?" Nikamweleza. Akalia kama mtu aliyepokea habari leo, maana kwake ilikuwa leo. Mchana akasahau. Kesho yake asubuhi mkono ukaenda chini ya blanketi tena. "Nani aliwaambia mnikate?" aliuliza, na hilo ndilo swali ambalo sikuwahi kuwa na jibu lake. Mwishoni nilijifunza kumdanganya, nikamwambia umefungwa kitambaa, umelala, utaamka. Na uongo huo ulimtuliza zaidi kuliko ukweli wangu wote. Mpaka leo sijui kama kumkata ilikuwa rehema au ukatili. Angeweza kuniambia. Alikuwa tayari kuniambia.

Baada ya matanga wasia ukafunguliwa. Kila mti wa kahawa ulikuwa na mwenyewe, kila mpaka ulitajwa kwa mlamula wake, hata kuku mweupe alikuwa na mtu wake. Mrithi alikuwa Deo, kama kila mtu alivyodhani tangu mwanzo. Ukimya wetu wote haukuwa umelinda siri yoyote. Deo alikaa chini pale pale, mtu mzima, akajifunika uso kwa shati lake.

Shangazi Paskazia hakusubiri jioni ya siku ile iishe. Alitukalisha, sisi na wanawe waliokuja kuzika, akasema, "Sasa zamu yangu, na atakayeleta kahawa nitaimwaga." Akatuambia. Akianza kupotea asifichwe, majirani waambiwe, ili akionekana njiani anatangatanga arudishwe nyumbani na asipigwe mawe kama mchawi. Akae Nyakakika kwa binti yake, asipelekwe mjini kwa mwanawe hata kama mwanawe ana nyumba ya bati na redio. Dawa ya maumivu apewe yote iliyopo. Kisu hataki, isipokuwa kwa jambo la kumwondolea maumivu. Akikataa chakula abembelezwe, asilazimishwe. "Na wa kunisemea ni Adventina."

"Shangazi, mimi?" Wanawe walinitazama vibaya kidogo.

"Wewe. Wanangu watagombana, nawajua, niliwazaa. Wewe umeshaona kinachotokea watu wakinyamaza." Kisha akamnyooshea kidole Novati. "Na wewe nikisahau jina lako, usiniitikie la marehemu. Nitakuita yule mwenye masikio, utajua ni wewe."

Ilipita miaka. Nikaolewa Isingiro, nikazaa. Shangazi alianza kupotea katika miaka ya tisini, taratibu, kwanza chumvi kwenye chai, kisha majina, kisha njia ya kanisani. Watu wa Nyakakika walimrudisha nyumbani kila alipopotea, kwa kuwa walikuwa wameambiwa. Alipopata uvimbe tumboni na daktari akauliza nani anamsemea, nilisimama. Mwanawe mmoja alinung'unika kwamba binti wa mjomba anajifanya mwenye nyumba. Nikamwambia, "Haya si mawazo yangu, ndugu yangu. Ulikuwepo alipoyasema." Akakubali, akasema kweli nilikuwepo. Hatukumpasua. Alikufa nyumbani kwa binti yake, mchana, ameshikwa mikono miwili. Nililia sana. Lakini ni kilio cha namna nyingine, mwanangu. Kinaisha. Kile cha Tata bado kinanikuta nikimenya ndizi.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike.

Sema ungali na akili zako. Usingoje ugonjwa, kwa sababu ugonjwa huu hauli mwili kwanza, unakula maneno, na maneno ndiyo unayoyahitaji. Chagua mtu wa kukusemea siku usipoweza kujisemea. Si lazima awe mkubwa wala mrithi. Awe mtu atakayebeba neno lako hata kama yeye angechagua lingine. Mwulize kwanza kama anakubali mzigo huo. Kisha mtaje mbele ya wote, ili siku hiyo asionekane mwizi wa mali. Waambie unachoogopa zaidi, maana hofu ya mtu humsaidia daktari kuliko orodha ya dawa. Unataka uuguzwe wapi? Upasuliwe au usipasuliwe? Ukishindwa kula, wafanye nini? Siku hizi watu wanajua kuandika; andika pia, weka sahihi na mashahidi, mpe nakala na mganga wa kituo chako. Lakini karatasi peke yake haitoshi, wasikie kwa sauti yako. Na useme tena kila baada ya muda, kwa kuwa moyo hubadilika, na hilo si kosa.

Ukiona unaanza kusahau, usijifiche, wala usimfiche mwenzako. Nenda hospitali. Kuna kusahau kunakotokana na maradhi yanayotibika, na hata kama ni ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, bado una muda kidogo wa kupanga, na muda huo ni mali.

Na wewe ambaye ni kijana, mzazi wako akisema anataka kuzungumza habari za siku mbaya, kaa chini. Usimwambie usijitabirie. Usimchekeshe. Mwulize, na akinyamaza mwulize tena kesho. Kumsikiliza hakumwui. Nilidhani kunaua, nikajiokoa mimi na hofu yangu, nikamwacha yeye peke yake na yake.

Jumapili iliyopita binti yangu mkubwa alikuja kunitazama. Nikamwambia yangu yote. Mwanzo aliziba masikio. "Mama, jamani, umekula kweli leo?" Nikaiondoa mikono yake masikioni taratibu, nikaendelea. Nilipomaliza akauliza, "Na ukibadilisha mawazo?"

"Nitakwambia."

"Na kama huwezi kuniambia?"

"Shika lile la mwisho nililolisema nikiwa mzima. Na ukikosea, nimeshakusamehe leo, ningali najua ninachosamehe."

Akanirudishia maneno yangu moja baada ya jingine, machozi yanamtoka, nikamrekebisha mahali pamoja tu. Kisha nikamwekea mkono kichwani, nikambariki kama ninavyokubariki na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: Mungu akupe uzee wenye watu, na watu wenye masikio. Ukisahau jina lako, awepo wa kulitamka kwa upendo. Ukisahau nyumba yako, uongozwe kwa mkono laini. Usiwahi kuamka asubuhi ukauliza swali ambalo wanao hawana jibu lake.

Akasema amina. Akajifunga kanga yake vizuri, akachukua kikapu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.